Dawa Hupimwa, Haikisiwi

Katika miji ya Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, malaria si mgeni majumbani. Mtoto akipata homa usiku, mama hutafuta vidonge dukani au huchemsha majani ya pakanga. Je, ndani yake mna dawa kiasi gani? Jicho na ulimi haviwezi kujibu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba, katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni hafifu au ya bandia.

Jibu hutoka maabara. Kidonge husagwa na kuyeyushwa, na tone lake huwekwa juu ya bamba maalumu. Kimiminika kinapopanda bambani, dawa huacha doa, nalo hulinganishwa na doa la dawa halisi. Likififia, dawa ni pungufu. Lisipoonekana, dawa haimo.

Majani nayo hupimwa vivyo hivyo. Aina moja ya pakanga ndiyo iliyowapa wataalamu wa China, akiwamo Tu Youyou, artemisinini mwaka 1972. Lakini kiasi chake katika chai ya majani hubadilika-badilika, na dozi pungufu huwazoesha vijidudu kuishinda dawa.

Basi mtoto na apimwe damu kwanza. Dawa inunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni, tarehe ya mwisho itazamwe, nayo imalizwe yote hata homa ikishuka.