Kupima Maikrofoni ya Kifuani Isiyotumia Waya Kabla ya Kumrekodi Fanani

Fasihi simulizi huishi katika utendaji, lakini rekodi nyingi za video zinazoletwa kutoka nyanjani huwa na picha bora kuliko sauti. Kamera huwekwa mbali ili impate fanani pamoja na hadhira yake, na maikrofoni iliyomo ndani yake hunasa upepo na kuku pamoja na msimulizi. Maikrofoni ndogo ya kubanwa kifuani, inayopeleka sauti kwa mawimbi ya redio, huondoa umbali huo. Hata hivyo, kutamka “moja, mbili, tatu” na kuridhika si kuipima. Swali linalotuhusu sisi ni hili: je, chombo hiki kinahifadhi lugha?

Tuchukue mfano wa Kimvita. Lahaja hii hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, kaa la moto na k'aa wa baharini. Kinachotenganisha maneno hayo ni mpumuo tu, yaani hewa ya kitambo kifupi mno baada ya kipasuo. Maikrofoni ikikaribia kinywa kupita kiasi, hewa hiyo huipiga na kutoa mshindo unaofunika kila kitu. Ikifichwa chini ya leso au buibui, sauti za masafa ya juu hufifia, na /s/ huweza kusikika kama /f/. Panapofaa ni juu ya vazi, kadiri ya shibiri moja chini ya kidevu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mzawa wa lahaja atamke jozi hizo bila mpangilio. Mzawa mwingine aisikilize rekodi na kuandika alichosikia. Awe kwanza amezitambua ana kwa ana bila kukosea, ili kosa likitokea ijulikane kuwa ni la chombo.

Jaribio hilo lirudiwe kitufe cha kupunguza kelele kikiwa kimewashwa, kisha kikiwa kimezimwa. Programu ya kitufe hicho haijui ngoma wala vigelegele. Kwayo hizo zaweza kuwa kelele tu, na mpumuo hafifu vilevile. Kwa maoni yangu, kizimwe. Kelele yaweza kupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, bali mpumuo uliofutwa wakati wa kurekodi haurudi.

Kuhusu mawimbi, seti nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyafyonza. Kwa hiyo umbali ulioandikwa kwenye kasha ni wa uwanja mtupu. Msemaji atembee, ainame, akipe kipokezi mgongo, kama afanyavyo fanani aliyechangamka, huku mtafiti akisikiliza kwa vifaa vya masikioni vilivyochomekwa kwenye kamera. Taa ya kijani haithibitishi kwamba sauti ni safi.

Inabaki hadhira. Maikrofoni ya kifuani italeta “Paukwa!” waziwazi na “Pakawa!” kwa mbali, kana kwamba wasikilizaji wako nyumba ya pili. Maikrofoni ya pili ielekezwe kwao, na sauti zake zihifadhiwe katika mkondo wa peke yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Maikrofoni iliyo mita 10 kutoka kwa fanani humsikia sekunde 0.03 baadaye, na mikondo miwili ikichanganywa papo hapo, maneno yake huwa na mwangwi.