Kodi ya Nyumba Haingoji Ufadhili: Pesa za Mwanafunzi wa Uzamili

Kila Septemba na Januari, vyuo vikifunguliwa, simu zinazoingia kwa huduma ya wateja hubadilika. Zile za "nimesahau PIN" zinapungua kidogo, halafu tunaanza kusikia hii: "Nimelipia nyumba na nyumba haipo." Leo tunakusimulia moja ya simu hizo. Mwenyewe ameturuhusu, mradi tusitaje jina lake wala chuo.

Ni mwalimu wa sekondari, mama wa mtoto mmoja, kwao ni Kilifi. Alichukua likizo ya masomo bila mshahara akasomee shahada ya uzamili katika chuo kishiriki kimoja magharibi mwa nchi. Mji ule hakuwa na mtu anayemjua. Akaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi, na humo akaona picha za bedsita safi: vigae vyeupe, sinki ndani, maji kila siku. Kodi 5,500. Agenti akamwambia kuna watu wengine wawili wanaitaka, kwa hivyo atume kodi ya mwezi mmoja pamoja na dipositi, jumla 11,000, ndiyo ashikiwe. Kabla hajaweka PIN, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa la mwanamke, na aliyekuwa akiongea naye ni mwanamume.

"Hiyo ni laini ya mke wangu, madam."

Akaweka PIN.

Siku tatu baadaye alishuka stendi asubuhi mapema na mabegi mawili. Nyumba aliipata, na vigae vyake vyote. Ila ndani kulikuwa na familia iliyokuwa ikiishi hapo mwaka wa pili sasa, na keretaka hakuwa amemsikia agenti huyo hata siku moja. Alitupigia akiwa amekalia begi nje ya geti. Tulipoangalia, tuliona pesa zilitolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya yeye kuzituma.

Hapa tuongee ukweli, maana wateja wengi hudhani tuna kitufe fulani cha kurudisha kila kitu. Kurudisha muamala kumewekwa kwa ajili ya makosa: umekosea tarakimu moja, pesa zimeenda kwa mtu usiyemjua, ukatuarifu haraka zikiwa bado kwenye akaunti yake. Hapo tunaweza kuzizuia. Lakini ukimtumia mtu uliyekusudia kumtumia, halafu ikawa ni tapeli, hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu na kuchukua pesa kwa neno la upande mmoja. Na zikishatolewa taslimu, kazi yetu inabaki kuwapa polisi rekodi wakizihitaji. Tulimwambia aende kituoni aandikishe, apate namba ya OB, na asifute ile SMS ya muamala wala mazungumzo ya WhatsApp. Si jibu alilotaka kusikia akiwa pale nje ya geti.

Kwa nini tunawaandikia hasa wanafunzi wa uzamili na uzamifu? Hosteli za chuo mara nyingi hupewa kwanza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa digrii, wale wametoka kwa wazazi juzi. Mtu mzima mwenye familia anaambiwa ajitafutie mtaani. Na ukiwa kwenye chuo kishiriki mambo huongezeka. Shahada yako inatolewa na chuo kikuu mama (hata Kenyatta ilikuwa chuo kishiriki cha Nairobi hadi 1985), kwa hivyo usishangae ukitakiwa kusafiri hadi kampasi kuu kumwona msimamizi au kutetea pendekezo lako la utafiti. Nauli hiyo hakuna mtu anayeiweka kwenye bajeti. Iweke.

Halafu kuna suala la ufadhili. Ule mfumo mpya wa serikali wa kufadhili vyuo vikuu, ulioanza 2023, ni wa shahada ya kwanza. HELB ina mkopo wake wa uzamili na uzamifu, lakini wengi wanaporudi darasani bado wanadaiwa ule wa kwanza, na anayekwepa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kama ni wewe, panga jambo hilo na HELB kabla hujapanga kitu kingine. Kuna Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013. Kuna DAAD ya Ujerumani, ambayo huwafadhili hata Wakenya wanaosomea hapa hapa nchini. Kuna chuo chenyewe, kinachoweza kukupa kazi ya kufundisha au kusahihisha. Njia zote hizi zina foleni. Na ukipigiwa simu kwamba umepata skolashipu, imebaki tu utume 2,000 "za kushughulikia faili", kata simu.

Pesa za ufadhili zikija, huja kwa mkupuo na mara nyingi huchelewa. Kodi nayo ni tarehe tano, kila mwezi. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mfano: umepokea 45,000 za kujikimu kwa miezi mitatu. Siku hiyo simu inakuonyesha wewe ni tajiri. Unalipa madeni, unatuma nyumbani, unanunua kiatu, na mwezi wa pili ukianza umebaki na 6,000 na stima haina tokeni. Ushauri wetu ni mmoja, na tunajua hauna raha yoyote: siku pesa zinapoingia, toa kodi ya miezi yote mitatu kwanza. Ilipe mapema kama mwenye nyumba anakubali, au ihamishe kwenye akaunti ya akiba ambayo huwezi kuifikia ukiwa na njaa saa nne usiku. Kinachobaki ndicho mshahara wako.

Sasa turudi kwa nyumba, maana hapo ndipo 11,000 zilipotea.

Usilipe nyumba ambayo hujasimama ndani yake. Kama uko mbali, mwombe mwanafunzi mwenzako aliye pale akuangalilie, umlipe nauli na chai. Hata ukimpa 500 bado ni rahisi kuliko alichopoteza mwalimu wetu. Akifika azungumze na keretaka, na azungumze pia na jirani. Jirani atasema kama maji yanakuja kweli na kama dipositi hurudishwa mtu akihama. Kisha uliza kodi inalipwa wapi. Ploti nyingi siku hizi zina paybill, na namba ya nyumba ndiyo akaunti. Hiyo ni nzuri kwako kwa sababu kila malipo yanaonyesha mlango gani umelipiwa. Kama ni namba ya kawaida ya simu, jina linalotokea kwenye skrini lazima liwe lile lililo kwenye mkataba na kitambulisho. Si la mke, si la shemeji, si la "msichana wa ofisi". Jina likitofautiana, rudi nyuma kabla ya PIN. Skrini ile tuliiweka kwa sababu hiyo hiyo, na inatuuma tukiona watu wanaipita kama tangazo.

Dai mkataba hata kama ni karatasi moja ya daftari: kodi, dipositi, tarehe, sahihi mbili. Ile sheria ya kudhibiti kodi inagusa nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo bedsita ya kawaida karibu na chuo haimo. Ukikosana na mwenye nyumba, karatasi hiyo na SMS zako ndizo ushahidi.

Jambo moja zaidi kwa walio kwenye hatua ya utafiti. Kibali cha NACOSTI kinalipiwa, tasnifu inachapishwa na kujalidiwa, na ukienda nyanjani kuna wasaidizi wa utafiti wa kulipwa. Tuseme una sita, kwa siku nne, shilingi 1,000 kila mmoja kwa siku. Hizo ni 24,000, lakini si 24,000 zitakazotoka kwako. Kila ukituma unakatwa, na wao wakitoa wanakatwa tena. Kwa hivyo kubalianeni mapema nani anabeba gharama ya kutoa, na umlipe kila mtu mara moja mwishoni, badala ya kumtumia kidogo kidogo kila jioni. Tumia laini moja kwa kazi hiyo tu, usiichanganye na pesa za unga. Kazi ikiisha, omba taarifa ya akaunti yako. Mfadhili akiuliza pesa zake zilienda wapi, una majina, tarehe na kiasi. Tunajua mwanafunzi mmoja aliyekesha siku mbili akisoma SMS za miezi mitano ili kutenganisha malipo ya wasaidizi na ya mama mboga.

Mwalimu wetu wa Kilifi alilala wiki mbili kwa mwanafunzi mwenzake waliyefahamiana kwenye foleni ya usajili. Zile 11,000 hazijarudi. Sasa anaishi na walimu wengine wawili katika nyumba ya vyumba viwili, wanagawana kodi ya 9,000, kila mmoja 3,000, na paybill ya ploti iko kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Mwezi uliopita alitupigia tena. Alitaka kujua jinsi ya kupata taarifa ya akaunti ya miezi sita, chuo kikuu mama kilikuwa kinaiulizia.