Kusi Yaja: Tengeneza Nyumba na Gari Kungali Jua

Joto la Machi lingali linatuchoma, mchana ndani hakukaliki na usiku watu wanatoa mikeka barazani. Kwa joto kama hili ni kazi kumwambia mtu apande juu ya paa kutafuta tundu la mvua. Lakini wakati wake ndio huu. Kaskazi imeanza kulegea, tumo katika tangambili, na baada ya wiki chache kusi itaingia na mvua ya mwaka, ile ambayo wengine huiita masika.

Kwetu Malindi na Kilifi mvua hii huanza mwisho wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi unaomwaga kuliko yote. Juni hupungua, mchoo hutupitia Julai na Agosti, kisha vuli inarudi Oktoba hadi Disemba. Wazee wetu walikuwa na hesabu yao ya miongo, makumi ya siku tangu Nairuzi, wakajua lini jahazi lipandishwe pwani na lini makuti yasukwe. Sisi tuna simu zenye utabiri wa hali ya hewa mfukoni, lakini tunamtafuta fundi wakati maji yashafika kitandani. Siku hiyo fundi ana nyumba ishirini zinazomngoja, na bei yake si ya Machi.

Jamaa zetu walioko Canada wana baridi yao. Mkoa wa Quebec sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe ameshavaa tairi za theluji ifikapo 1 Disemba. Hapa kwetu hakuna sheria inayokulazimisha kuziba paa wala kubadilisha tairi kabla ya Mei. Kila mtu ameachiwa akili yake. Nilisomea ujenzi, diploma tu, na nimeingia nyumba nyingi zilizoharibiwa na mvua katika kaunti hii. Nilichokiona ni kwamba mara nyingi si wingi wa mvua uliobomoa, bali maji yaliyokosa njia. Kwa hivyo, kazi ya kujitayarisha ni moja: tafuta maji yatapita wapi, uyape njia mapema.

Anza juu: paa

Kama paa lako ni la makuti, ingia ndani saa sita za mchana na uangalie juu. Panapopenya mwanga patapenya maji. Angalia zaidi kofia, pale juu paa linapokutana, kwa sababu ndipo panapochakaa kwanza. Paa la makuti lataka mwinamo mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yateremke upesi. Likilala sana maji hukaa, makuti huoza, na kuongeza makuti mapya juu ya yaliyooza ni kuficha ugonjwa. Toa yaliyooza, angalia na pau na kamba chini yake, ndipo ufunge mapya. Kazi hii ifanywe kungali jua, maana makuti yakifungwa yakiwa na maji hayadumu.

Kama ni mabati, adui yako ni chumvi ya bahari. Bati lenyewe laweza kuwa zima, lakini msumari umeshaliwa na kutu na kile kipira chake kimekauka kwa jua kikapasuka. Maji hupitia hapo. Badilisha misumari iliyolegea, na mwambie fundi apigilie juu ya mgongo wa bati, asipigilie bondeni ambako maji yanapita. Kusi hunyanyua bati kuanzia ukingoni, hasa upande wa kusini na wa baharini, kwa hivyo mbao za paa zifungwe kwenye ukuta kwa waya au kwa vyuma. Wale wanaoweka mawe juu ya bati ili lisiruke wajue kwamba upepo ukizidi, jiwe hilo litamwangukia mtu.

Wenye nyumba za sakafu juu, fagieni huko. Majani na mchanga huziba tundu la kutolea maji, maji yanatuama, na sakafu yenye nyufa huyateremsha polepole mpaka kwenye vyuma. Vyuma vikishika kutu huvimba, na zege huanza kudondoka vipande vipande.

Na kama kuna mnazi karibu na nyumba, muite mkwezi kabla ya upepo. Aangue nazi na ateremshe makuti makavu. Nazi moja kutoka juu yatosha kutoboa bati, na kichwa cha mtoto si kigumu kuliko bati.

Maji ya paa ni mengi kuliko unavyodhani

Tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Siku ya Mei ikanyesha milimita 50, jambo ambalo si geni hapa, paa lako pekee limeteremsha lita 4,000. Ni matangi manne ya lita elfu moja. Jiulize: lita hizo zinaenda wapi?

Zikianguka chini ya ukuta, zinachimba msingi. Jiwe letu la matumbawe hunywa maji, na ndio maana chokaa na rangi hubambuka sehemu za chini. Nyumba ya udongo ndiyo iliyo hatarini zaidi, maana maji yakirukia mguu wa ukuta udongo unaondoka, fito zinabaki wazi na mchwa wanapata mlango. Kandika upya mguu wa ukuta sasa hivi, ukauke na jua. Acha ukingo wa paa utoke nje ya ukuta kiasi cha nusu mita au zaidi. Chimba mtaro kuizunguka nyumba, uwe na mwinamo, na uishie mahali maji yanapoweza kuzama au kupita bila kumdhuru mtu.

Neno hilo la mwisho ni zito. Mitaani mwetu siku hizi mtu ananunua ploti, anaijaza kifusi ikapanda, anazungusha ukuta, basi maji yaliyokuwa yakipita hapo tangu zamani yanageukia kwa jirani aliye chini. Nyumba yake inabaki kavu na ya jirani inakuwa bwawa. Dini yetu imeweka haki ya jirani mahali pakubwa, na haki hiyo haiishii kwenye sahani ya futari. Acha tundu chini ya ukuta maji yapite njia yake. Mkikaa watu watano wa mtaa mmoja Jumapili asubuhi na majembe, mtaro wa mtaa mzima unazibuliwa kabla ya adhuhuri.

Hizo lita 4,000 nazo si adui tu. Wakazi wengi wa Malindi, Kilifi na hata Mombasa wanakunywa maji ya Baricho, yanayochotwa kando ya Mto Sabaki. Mto ukifurika au umeme ukikatika huko, mifereji ya huku inakauka mvua ikiwa inanyesha. Funga mlizamu kwenye ukingo wa paa, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga. Tangi lifunikwe sawasawa, au utakuwa unafuga mbu.

Kisima, choo na umeme

Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe. Hupitisha maji haraka, na hupitisha uchafu vilevile. Mvua kubwa ikijaza shimo la choo, uchafu husafiri chini kwa chini mpaka kisimani, na hapo ndipo kuhara na kipindupindu huanzia. Inua mdomo wa kisima kwa saruji, kifunike, na ujaze udongo palipobonyea pembeni mwake ili maji ya juu yasiingie. Choo kilichojaa kitapishwe sasa, kabla gari la kunyonya halijashindwa kuingia mtaani kwa matope. Tangu mvua ya kwanza hadi Juni, maji ya kisima ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanang'ara.

Umeme nao usiuchezee. Waya uliochubuka ukigusa bati lililolowa, nyumba nzima yaweza kupiga shoti. Muite fundi aliyesomea kazi akague. Onyesha kila mtu nyumbani mahali swichi kuu ilipo. Maji yakianza kuingia, zima hapo kwanza, lakini ikiwa unasimama ndani ya maji usiiguse. Toka nje.

Sabaki haingoji mawingu yako

Ndugu zetu wa Magarini na wa kingo za Sabaki wanalijua hili, lakini wageni wengi wamejenga huko bila kujua. Maji ya Sabaki hayaanzii kwetu. Ni Mto Athi kutoka upande wa Nairobi, unaokutana na Tsavo, ukaitwa Galana, ndipo ukafika kwetu kwa jina la Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto unaweza kufurika hapa kwetu kukiwa na jua kali. Kwa hivyo mtu wa Sabaki asikilize utabiri wa Nairobi na Machakos kama wa Malindi. Vitambulisho, hati za shamba, vyeti vya watoto na dawa zitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pamoja, mahali pa juu. Mbuzi na vyakula vijulikane vitapelekwa wapi. Mpango huo upangwe sasa, si saa nane za usiku.

Gari

Mengi ya magari yetu yametumika Japani kabla ya kufika hapa, kisha yanakutana na chumvi. Kabla ya mvua mpelekee fundi akuangalilie breki, akaze na kusafisha vichwa vya betri, na atazame nyaya zilizo wazi. Wewe mwenyewe waweza kukagua mengine. Pandisha waipa: mpira wake ukiwa mgumu kama ubao, badilisha. Washa taa zote, pamoja na za nyuma. Tazama tairi: zikiwa na kina cha chini ya milimita 1.6 hazifai kabisa, na kwa barabara ya mvua ni bora ziwe na zaidi ya hapo. Tairi yenye upara haishiki lami, inaelea juu ya maji. Usisahau tairi ya spea na jeki.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo yenye utelezi zaidi, kwa sababu inachanganyika na oili na vumbi lililolala barabarani. Punguza mwendo, muache aliye mbele yako aende mbali, na uwashe taa hata mchana. Wenye bodaboda na tuktuk, hili lawahusu kuliko wote.

Sasa lile kubwa. Usiingize gari ndani ya maji yanayokimbia. Maji ya kina cha sentimita 30, yaani chini ya magoti ya mtu mzima, yanaweza kusukuma gari dogo. Yakifika sentimita 60 yanabeba karibu gari lolote, hata lile kubwa unaloliona limesimama imara. Na maji hayo ni ya matope, huoni kama barabara chini yake bado ipo. Novemba 2023, wakati wa El Niño, mvua iliharibu daraja la Mbogolo ikakata barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Disemba 2021 basi lilijaribu kuvuka Mto Enziu kule Kitui, likazama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda harusini.

Abiria nawe una mdomo. Dereva akisema "tutapita tu", mwambie asimamishe ushuke. Nauli yako isikufanye umwonee haya. Mwenye matatu akichelewa atapoteza hesabu ya siku moja, nawe ukizama nyumbani kwako watapoteza hesabu ya miaka.

Na gari likizimika ndani ya maji, usiliwashe tena. Injini ikivuta maji mahali pa hewa, ukiwasha inavunjika ndani. Toka, nenda mahali pa juu, gari litavutwa baadaye.

Mfuko ukiwa mdogo

Najua si kila msomaji ana pesa za mabati mapya na tairi nne. Basi fuata mpango huu. Kwanza zile kazi za mikono yako: zibua mtaro, fagia paa, kandika mguu wa ukuta, funika kisima, weka karatasi muhimu mahali pakavu. Pili, pesa za kwanza ziende kwenye kofia ya paa na misumari. Tatu, kwa mwenye chombo cha moto, breki, tairi na waipa zitangulie kabla ya redio na rangi. Rangi ya nyumba na ingoje Septemba.

Kuna watakaosema mvua ni ya Mungu na ikija imekuja. Ni kweli ni ya Mungu, na ni rehema. Lakini madrasa tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo kutawakali. Mzee anayekaa peke yake na mjane asiye na kijana wa kupanda paa wamo katika kila mtaa wetu. Ukimaliza kwako, beba ngazi uende na kwao kabla ya Aprili.