Gary Speed: Mwaka mmoja ulioibadili Wales

MWAKA mmoja ni mchache kujenga timu ya taifa, lakini Gary Speed aliutumia vizuri.

Kiungo huyo alikipiga Leeds United, Everton, Newcastle, Bolton na Sheffield United. Akiwa Leeds alibeba ubingwa wa England msimu wa 1991/92, na mwaka 2006 akawa wa kwanza kufikisha mechi 500 za Ligi Kuu. Wales aliichezea mara 85.

Desemba 2010 akapewa timu hiyo aifundishe. Kitambaa cha unahodha akamvisha dogo wa miaka 20, Aaron Ramsey. Mambo yakawa magumu: Agosti 2011 Wales iliporomoka hadi nafasi ya 117 kwenye viwango vya Fifa. Speed hakuwatupa vijana wake. Wakashinda mechi nne kati ya tano zilizofuata, ikiwamo 4-1 dhidi ya Norway, Novemba 12.

Siku 15 baadaye Speed akafariki dunia, akiwa na miaka 42. Mikoba akaichukua rafiki yake, Chris Coleman. Mwaka 2016, Ramsey na wenzake wakatinga nusu fainali ya Euro. Mashabiki wa Wales wanajua kazi hiyo aliianza nani.