Je, Wajua? Mambo ya Puli Inayopokea

Je, wajua kwamba pikipiki ya theluji, ile wanayopanda watu wa Kanada majira ya baridi, haina gia za kukanyaga kwa mguu? Injini huzungusha puli ya kwanza, mkanda wa mpira hupeleka nguvu kwenye puli ya pili, nazo puli hizo hupanuka na kubana zenyewe kadiri mwendo unavyobadilika. Kampuni ya Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, ilianza kuuza Ski-Doo mwaka 1959. Siku hizi zipo pikipiki za theluji zenye nguvu za farasi 200 na zaidi. Boxer ya 150 inayokupeleka kutoka Gachoka hadi Kiritiri ina kama 12 hivi.

Na je, wajua ni puli ipi inayohisi mzigo? Ni ya pili, ile inayopokea. Ndani yake mna springi nzito na kipande cha chuma kilichochongwa mteremko. Mlima ukianza, mzigo kwenye puli hii huongezeka. Ule mteremko husukuma sahani mbili za puli zibane mkanda zaidi, mkanda hupanda kuelekea ukingoni, na mashine hujirudisha yenyewe kwenye gia ya nguvu bila dereva kugusa chochote. Mteremko ukichongwa mkali, mwendo hupanda upesi lakini mkanda haubanwi vya kutosha. Ukichongwa wa taratibu, mkanda hubanwa sana na kurudi gia ya chini kunakuwa kwepesi. Springi ikiwa laini mno, mkanda unateleza na kuungua. Ikiwa ngumu mno, mkanda unapata joto na injini inahangaika bure. Ndiyo maana mwenye injini kubwa hachagui puli hii kwa kutazama injini peke yake. Huanza kwa kuuliza atapanda wapi na atabeba nini, na mimi naona hilo ndilo swali la kwanza kwa mtu yeyote anayenunua chombo cha kazi.

Je, wajua kwamba skuta zisizo na gia zinazouzwa Kenya zina mfumo huo huo chini ya kile kifuniko cha pembeni? Tofauti kubwa ni ukubwa.

Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na puli hizi lilitoka Uholanzi mwaka 1958: DAF 600, kazi ya Hub van Doorne. Liliweza kurudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele.

Je, wajua kwamba Probox nazo zimo humu? Toyota walipoifanyia Probox mabadiliko mwaka 2014, waliiwekea gia ya puli badala ya otomatiki ya zamani. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, Probox zinazoshuka bandarini Mombasa sasa ni za kizazi hicho. Mkanda wake ni wa chuma, vipande vidogo mamia vilivyopangwa pamoja, na hufanya kazi kwa kusukuma, si kwa kuvuta. Una mafuta yake maalumu. Anayebeba magunia ya muguka kutoka Mbeere kila siku, kisha akajaza mafuta ya gia ya kawaida kwa sababu ni ya bei nafuu, anaiua gia hiyo.

Tuje kwenye nduthi zenyewe, zilizojaa tangu serikali ilipoziondolea ushuru zile za chini ya 250cc mwaka 2008. Nduthi haina puli. Ina cheni na sproketi, lakini swali ni lile lile: utapanda wapi na utabeba nini? Tuseme sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 45: ya mbele huzunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Weka 48 nyuma, inakuwa mara 3.2. Nguvu ya kuvuta imeongezeka karibu asilimia 7, na kasi imepungua kwa karibu kiasi hicho. Kwa anayepandisha magunia ya ndengu kwenye barabara ya murramu, hiyo ni faida. Kwa anayekimbiza abiria kwenye lami hadi Embu, ni petroli inayopotea. Ukibadilisha, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja: meno yaliyopinda kama ndoana hula cheni mpya upesi.

Je, wajua kwamba klachi ya nduthi huogelea ndani ya mafuta ya injini? Baadhi ya mafuta ya gari yana dawa ya kupunguza msuguano, na pleti za klachi zinaishi kwa msuguano. Zikiyapata, zinateleza: injini inanguruma, nduthi haisogei. Tafuta maandishi JASO MA kwenye kopo. Yenye MB ni ya skuta.

Na kinu cha posho? Mota inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, yenye puli ya inchi 8, ikivuta puli ya inchi 4 kwenye kinu, nyundo za ndani zitazunguka mara 2,880. Weka puli ya inchi 6 kwenye kinu, zitashuka hadi 1,920, na unga utatoka kidogo kidogo huku foleni ya mitungi na ndoo ikirefuka mlangoni. Lakini usiongeze kasi kupita ile kinu kilichotengenezewa. Nyundo ikichomoka inaua. Zima mota, toa mkanda, kisha tazama ndani ya mfereji wa puli. Mkanda hushika kwa mbavu zake za pembeni, haupaswi kugusa sakafu ya mfereji. Ukiona sakafu inang'aa, puli imekwisha, na mkanda mpya hautakusaidia. Na ikiwa kinu kina mikanda mitatu na mmoja umekatika, nunua mitatu: ule mpya haujanyooka bado, kwa hiyo utabebeshwa mzigo wa wenzake nao ukatike.