Kwa Nini Katapila Halizami Matopeni?

Bila shaka umepata kuona trekta la magurudumu limekwama shambani wakati wa masika. Dereva huongeza moto, gurudumu huzunguka pale pale, na kila likizunguka hujichimbia shimo. Kumbe katapila hupita papo hapo likivuta jembe lake! Je, ni nguvu ya injini tu? Sivyo.

Huko California, nchini Marekani, karibu na mji wa Stockton, yako mashamba ya udongo laini sana, ambayo zamani yalikuwa kinamasi. Matrekta ya mvuke yalididimia humo. Watu wakazidisha upana wa magurudumu, hata trekta moja likafikia karibu mita 14, likawa taabu kuligeuza. Ndipo Benjamin Holt alipoondoa magurudumu ya nyuma, akaweka minyororo yenye vipande vya mbao. Mwezi wa Novemba 1904 akalijaribu, nalo halikuzama. Mtu mmoja alipoliona likitambaa alilifananisha na kiwavi. Na jina la kiwavi kwa Kiingereza ndilo lililotupatia neno katapila.

Siri yake ni mbili. Kwanza, uzito hutawanywa. Tuseme trekta lina kilo 6,400, na kila mnyororo hugusa ardhi urefu wa sentimeta 200 na upana wa sentimeta 40. Minyororo miwili ni sentimeta za mraba 16,000. Basi kila moja huchukua kilo 0.4 tu, karibu sawa na unyayo wako ukisimama kwa mguu mmoja.

Pili, kila bamba la mnyororo lina jino. Mnyororo hulala chini, meno mengi yakashika udongo kwa pamoja, na trekta hujisukuma mbele. Udongo ulioshikwa mahali padogo hukatika. Ulioshikwa mahali papana hustahimili.

Lakini tusidanganyike. Katapila likigeuka ghafula huchimbua shamba, na uzito wake hushindilia ardhi iliyolowa, mizizi ikakosa pa kupenya. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha ya kukodi trekta lo lote, chimba kidogo, utwae udongo, uusokote mkononi. Ukisokoteka kama kamba, ungali umelowa mno. Ngoja ukauke. Mashine iliyoweza kupita si ruhusa ya kupita.