Skizofrenia: Tiba ya Maongezi Ianzie Nyumbani

Kijana wa Buseresere anayesikia matusi ndani ya mlio wa karasha, mashine ya kusaga mawe, ana mizigo mitatu: sauti zenyewe, ndugu waliochoka naye, na siku nzima bila kazi. Dawa hupunguza sauti, ingawa kwa wengi haizimalizi, na haizuii shemeji kumfokea. Ndiyo maana tiba ya maongezi ya aina moja haimtoshi. Lakini kuchanganya si kurundika. Naona dawa ikishatuliza hali, tuanze na familia, mbinu nyingine zifuate. Katika tafiti zilizoanza miaka ya 1950, George Brown na wenzake huko London walionyesha kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba za lawama walirudiwa na ugonjwa zaidi, na majaribio yaliyofuata yakathibitisha kuwa kufundisha familia hupunguza hali hiyo. Tiba ya fikra na tabia ina ushahidi hafifu zaidi: uchambuzi wa Jauhar na wenzake wa mwaka 2014 ulikuta faida ndogo. Hata hivyo ina swali moja la thamani: "Sauti imesema mara ngapi kwamba utauawa kesho, na ikawaje?" Mama akifundishwa kuuliza hivyo jioni, badala ya "acha upuuzi", mbinu mbili zinakuwa moja.

Wapo wanaosema nadharia za mbinu hizi zinapingana. Nyingine kweli zinapingana. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayemsababishia mwanawe skizofrenia. Dai hilo halikuthibitika. Huwezi kumlaumu mama asubuhi, kisha jioni umwombe awe mlezi wa tiba. Lazima mtaalamu mmoja awe na maelezo mamoja ya tatizo, na kila mbinu isiyokubaliana nayo iachwe. Wengine watauliza wataalamu watoke wapi, kwani mwongozo wa Uingereza unataka vikao visivyopungua 16 vya tiba ya fikra na tabia na 10 vya familia, na nauli ya bodaboda hailipwi kwa dua. Mradi wa KUPAA wa kufundisha familia, katika hospitali za Muhimbili na Mbeya, ulipunguza ugumu huo kwa kukutanisha wagonjwa na ndugu zao kwa pamoja. Ghana na Nigeria zilikwenda mbali zaidi: jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliunganisha waganga wa jadi, viongozi wa maombi na wahudumu wa kliniki, na baada ya miezi sita wagonjwa waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko wale ambao hawakuhudumiwa hivyo. Usukumani, ambako wengi hupita kwa mganga kwanza, hilo si la kudharau, mradi mgonjwa asifungwe minyororo, asichapwe, na sindano yake ya dawa ya kila mwezi isirukwe.